Imechomekwa, Lakini Haijatambuliwa



Mhariri wetu ameniomba zaidi ya mara moja niandike chochote kuhusu kompyuta, kwa sababu kila kikao cha jumuiya kikimalizika huwa nashikwa mkono mlangoni na mtu mwenye laptopu kwapani. Mimi ni mhandisi wa umeme, kazi yangu ni pampu za maji na mitambo ya kuziendesha, wala si fundi wa kompyuta. Lakini kwa watu wetu mhandisi ni mhandisi. Ukishasema umesomea umeme basi utaitwa kutazama redio, jokofu, king'amuzi na simu ya shangazi. Nimezoea, na kusema kweli napenda.

Swali ambalo limenifikia mara nyingi kuliko yote katika miezi ya karibuni ni hili: nimenunua diski mpya, ile ya SSD, nimeichomeka ndani ya mashine, mbona kompyuta haiioni? Limezidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Wengi wetu tuna mashine ambazo Windows 11 haizikubali, na mtu asiye na pauni mia tano za kutupa huona heri aitie ya zamani diski mpya iongeze mbio kidogo. Si wazo baya. Tatizo huanza pale diski mpya inapokaa ndani ya mashine kama mgeni aliyekaribishwa ukumbini akasahauliwa.

Kwanza tuelewane hii SSD ni kitu gani. Diski kuu tulizozizoea zina sahani zinazozunguka na mkono mwembamba unaosoma juu yake, mfano wa gramafoni ya babu. Ya kwanza kabisa ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956 pamoja na mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, ikifika uzito wa tani moja hivi, na yote hiyo ili kuhifadhi herufi milioni 5. Leo picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu huweza kuijaza. Diski za sasa ni ndogo na zimejaa maajabu, lakini kanuni ni ile ile. Nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua zaidi kidogo ya sehemu nane za elfu za sekunde. Kwako wewe huo si muda, lakini kwa kompyuta ni kama kusubiri feri.

SSD haina kinachozunguka. Ni chipu tupu, na kila tarakimu huhifadhiwa kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya kijumba kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Aliyebuni aina hiyo ya kumbukumbu ni mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, alipokuwa kampuni ya Toshiba. Aliitangaza mwaka 1984, na aina inayotumika ndani ya SSD za leo, iitwayo NAND, ilitangazwa mwaka 1987. Kwa kuwa hakuna mkono wa kusogea, hakuna kungoja. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuamka huamka sasa kabla chai haijapoa.

Sasa tuje kwenye kutambuliwa. Wengi hudhani ni jambo moja, ama diski inaonekana ama haionekani. Kumbe ni ngazi, na kila kipandio kina mlinzi wake. Mlinzi wa kwanza ni umeme na waya. Wa pili ni programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi, ile tuliyoizoea kwa jina la bayosi, ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote na kuhesabu vilivyomo nyumbani. Wa tatu ni mfumo endeshi, yaani Windows au Linux. Wa nne ni jedwali linaloandikwa kwenye diski yenyewe kueleza imegawanywaje, kisha fomati, kisha herufi kama D au E. Diski inaweza kuwa imepita kwa mlinzi wa kwanza na wa pili, ikakwama kwa wa nne, na wewe ukaapa kwamba haipo.

Sisi tuliokuja huku hatuna haja ya kuelezwa sana habari hii. Nilipofika Leeds kusoma mwaka 1991 benki ilitaka barua ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alitaka namba ya benki. Nilikuwa nakula Leeds, nalala Leeds, natetemeka kwa baridi ya Leeds, lakini kwenye madaftari ya Leeds sikuwapo. Ilichukua majuma matano na barua moja ya mhadhiri kabla sijaanza kuwapo. Kwa hiyo nikimwona mtu anaitukana diski mpya kwamba ni mbovu, huwa namwambia asubiri kwanza, pengine haijapata karatasi zake.

Nitawasimulia kisa kimoja cha Cardiff, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo ningependa kila mmoja wetu alijue kabla hajaligusa kwa mkono wake.

Kuna mama mmoja pale ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Asili yake ni Pangani. Marehemu mumewe alikuwa baharia, na kama mabaharia wengi wa zamani alitia nanga Cardiff na hakuing'oa tena. Mzee huyo alikuwa na mama yake Pangani asiyejua kuandika herufi za Kizungu, na simu enzi hizo ilikuwa ya kupangia foleni posta na kulipia kwa dakika. Kwa hiyo waliandikiana kwa kaseti. Bibi alikaa ukumbini kwake na redio ya kurekodia, akasema aliyo nayo upande A na upande B, na kaseti ikapewa mtu anayesafiri. Wasomaji wa umri wangu watakuwa wanatabasamu, kwa kuwa barua za kaseti zilikuwa zetu sote, kuanzia Lamu mpaka Maskati. Vijana leo hutumiana sauti kwa simu wakidhani wameanza wao.

Mzee alizitunza. Alipostaafu, mnamo mwaka 2008, alikaa na waya mmoja na kinasa sauti akazihamisha zote kwenye kompyuta, kaseti 64, moja baada ya moja, kwa muda halisi, kwa maana kaseti haina njia ya mkato. Baadaye walipohamia nyumba ndogo kaseti zenyewe zilitupwa, kwani mikanda ilishaanza kunata. Mzee akanunua mashine iliyotumika, ya kutoka ofisini, akaitia diski ya pili ya terabaiti moja kwa ajili ya sauti hizo na picha za familia. Mwaka 2019 alifariki. Mashine ikabaki mezani kwake, na kitambaa cha kufumwa juu yake.

Novemba 2025 Bi Mkubwa alinipigia simu.

"Mwanangu, mashine ya mzee inalia."

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Inalia vipi?"

"Marahaba. Tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Halafu inanyamaza, halafu tena."

Mlio huo naujua. Ni mkono wa diski unaotafuta mahali pake na kupakosa, unarudi mwanzo, unajaribu tena. Nikamuuliza kama kuna mtu ameigusa. Akasema wameipeleka duka moja la kompyuta, wakaambiwa haifai tena, wanunue nyingine. Mjukuu wake, kijana wa miaka 19 anayesoma chuo, hakukubali. Alinunua SSD ya terabaiti moja kwa pesa zake mwenyewe, akafungua mashine kwa bisibisi, akaichomeka kando ya zile mbili za zamani ili ahamishe vitu vya babu yake. Kijana wa watu kafanya jambo la heshima kabisa. Lakini alipowasha hakuiona kwenye orodha.

Akaenda kwenye chombo cha Windows cha kusimamia diski. (Ukibofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya utakiona, kinaitwa Disk Management.) Alipokifungua tu kikatokea kisanduku kimesimama katikati ya kioo. Kilisema kwamba diski namba 1 haijaanzishwa, na kwamba ni lazima ianzishwe kabla ya kutumika. Chini yake kuna kitufe cha kukubali. Ukubwa uliotajwa ni gigabaiti 931.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Kijana alinunua diski mpya ya terabaiti moja. Diski mpya huwa tupu, na ni kweli inatakiwa kuanzishwa. Terabaiti moja huonekana kwenye Windows kama gigabaiti 931, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa maelfu na Windows huhesabu kwa 1,024, wala hujapunjwa. Kila kitu kilikuwa kinalingana. Alimpigia simu yule wa dukani, naye akamwambia abonyeze tu, ndivyo diski mpya zinavyofanywa.

Kilichozuia mkono wake ni bibi yake. Alikuwa amekaa nyuma yake na kikombe, akauliza mashine inasema nini. Kijana akatafsiri: "Inauliza kama ianzishe diski upya."

"Upya?" Bi Mkubwa akasema. "Kwani ya zamani inakwenda wapi? Usibonyeze. Mpigie mjomba wako."

Nikamwomba kijana anisomee jina la kiwanda la hiyo diski namba 1. Linapatikana kwa kubofya namba yake kwa kitufe cha kulia na kufungua sifa zake. Akanisomea. Nikamwambia alinganishe na boksi la diski aliyonunua. Kukawa kimya upande wa pili, kisha akasema, "Hailingani, mjomba."

Haikuwa diski mpya. Ile mpya kompyuta ilikuwa haijaiona hata kidogo. Iliyokuwa ikiuliziwa ni diski ya mzee. Ilikuwa imeugua kiasi kwamba Windows iliposoma ukurasa wake wa kwanza, ule wenye jedwali, haikuambulia kitu. Windows haina akili ya kusema "huyu ni mgonjwa." Inajua tu kwamba haikuona jedwali, na diski isiyo na jedwali kwake ni tupu. Basi inakuuliza kwa adabu kama iandike jipya. Ukikubali, inaandika jedwali tupu juu ya lile lililokuwapo. Sauti zenyewe hazifutiki palepale, lakini kinachoeleza ziko wapi kimeondoka, na kwenye diski ambayo tayari inakata roho huenda usipate nafasi ya pili. Mashine ilikuwa imemwita mtu wa nyumba mgeni, na mgeni wa kweli amesimama nje ya mlango.

Nikawaambia wazime, wachomoe kwenye umeme, wasiwashe mpaka nifike.

Jumamosi nikapanda treni. Bristol na Cardiff si mbali, unapita chini ya mto Severn na kabla gazeti halijakwisha umefika. Bi Mkubwa alikuwa amepika mbaazi na mahamri, na kwa heshima ya nyumba hakuna aliyeruhusiwa kutaja kompyuta mpaka tumekula.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila iliruhusu mpangilio mmoja tu. Cha kwanza nilichomoa diski ya mzee, nikaifunga kwenye taulo na kuiweka juu ya kabati. Diski inayolia haiwashwi kwa ajili ya majaribio. Kila dakika inayozunguka ni dakika iliyokatwa kwenye umri wake.

Cha pili, nikatazama waya za SSD. Diski za aina hii, zinazotumia mtindo wa SATA, zina waya mbili, mmoja mpana wa umeme wenye pini 15 na mmoja mwembamba wa data wenye pini 7. Zote mbili kijana alikuwa amezichomeka vizuri mpaka zikalia kidogo. Nikawasha mashine nikiwa nabonyeza F2 ili niingie kwenye bayosi. (Nyingine hutaka Delete, au F10, au Esc, na huandika chini ya kioo ukiwahi kusoma.) Orodha ilionyesha diski ya mfumo na kisomea DVD basi. SSD haikuwamo. Hii tayari ni habari kubwa. Kama bayosi haiioni, hakuna haja ya kuhangaika na Windows, maana mara nyingi Windows nayo haitaiona. Wengi hupoteza siku nzima kwenye Windows wakati shida iko kipandio cha chini.

Cha tatu, nikahamisha waya wa data kutoka kwenye tundu la nne nikaupeleka kwenye tundu lililoachwa na diski ya mzee. Sikugusa kingine. Nikiwa kazini huwa nawaambia vijana wangu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo ukifanikiwa hutajua umefanikiwa kwa nini. Nikaingia tena kwenye bayosi, na hiyo hapo SSD, imeandikwa jina lake kamili. Basi diski ni nzima na waya ni mzima. Tuhuma zikabaki kwa tundu la nne.

Nikapekua kurasa za bayosi nikapata ukurasa wa matundu ya SATA. La nne lilikuwa limezimwa. Mashine za ofisini mara nyingi huja hivyo, kwani tundu lisilotumika huzimwa na wala hakuna anayesumbuka. Nikaliwasha, nikahifadhi, nikarudisha waya pale pale kijana alipokuwa ameuweka. SSD ikaonekana. Hakuna alichokuwa amekosea.

Sasa Windows. Kisanduku kile kile kikatokea tena, diski namba 1, gigabaiti 931, ianzishwe? Safari hii nikamwita kijana akae yeye kwenye kiti. Akasoma jina, akalinganisha na boksi, herufi kwa herufi, kabla ya kugusa kitu. Kisanduku huuliza pia unataka jedwali la aina gani. MBR ni la tangu mwaka 1983, na haliwezi kuhesabu zaidi ya takriban terabaiti 2. GPT ni jipya zaidi, halina kikomo cha kukusumbua wewe wala wajukuu wako, na huweka nakala ya pili ya jedwali mwisho wa diski. Kwa diski ya kuhifadhia vitu kwenye mashine yenye Windows ya miaka hii chagua GPT. Kisha kijana akabofya ile nafasi tupu, akaunda sehemu moja, akaifomati kwa NTFS, akaipa herufi. Kazi yote haikufika dakika mbili. Diski ikatokea kwenye orodha kama vile ilikuwapo siku zote.

Diski ya mzee nilirudi nayo Bristol. Nyumbani nina mashine ya Linux, na ziko programu za bure zilizotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii. Haziifungui diski wala haziiandiki. Husoma sekta kwa sekta na kuzinakili kwenye diski nyingine kubwa zaidi, zinachukua kwanza sehemu nzima, zinaruka zilizoharibika, kisha zinazirudia baadaye kwa subira, mara kumi, mara ishirini. Iliifanya kazi hiyo usiku mmoja, mchana mmoja na usiku wa pili. Nilikuwa naamka saa nane kuisikiliza. Jumatatu asubuhi ikanyamaza moja kwa moja, na sijaiwasha tena. Katika kaseti 64, nilipata 61 nzima. Mbili zina mapengo. Moja haikupatikana.

Nilisikiliza kidogo ili kuhakikisha kwamba zinafungua. Ilikuwa ya mwaka 1983, miaka ya shida, wasomaji wa Tanzania mtakumbuka foleni za maduka. Bibi wa Pangani anasalimia kwanza, mtu mmoja mmoja kwa jina, kama anayehesabu shanga. Anasema sabuni imekuwa dhahabu na sukari ni ya kuonja. Jogoo anawika katikati ya maneno, naye anamkatiza jogoo, "Nyamaza, nazungumza na mwanangu." Nikazima. Hayakuwa maneno yangu. Mama yangu mimi alifariki Tanga mwaka 1998, na hakuna kaseti hata moja yenye sauti yake. Naikumbuka, lakini kila mwaka naikumbuka kidogo zaidi kwa sauti ya dada yangu.

Nilipomrudishia Bi Mkubwa sauti hizo ndani ya SSD aliuliza ile iliyopotea ni ipi. Nikamwonyesha jina ambalo mzee alikuwa ameliandika, Machi 1986. Akasema hiyo ndiyo iliyoleta habari za kifo cha wifi yake, na waliisikiliza jikoni wamesimama. Maneno mengine anayakumbuka. Mjukuu akatoa simu mfukoni, akamwomba ayaseme.

Nirudi kwenye mafundisho, kwa kuwa mhariri ananidai manufaa.

Wenye laptopu na mashine mpya hukutana na SSD ya aina nyingine, kijiti chembamba kiitwacho M.2. Mtego wake ni kwamba vijiti viwili vinaweza kufanana kwa sura na kuzungumza lugha mbili tofauti. Kimoja huzungumza SATA, ambayo kikomo chake ni megabaiti 550 hivi kwa sekunde, kingine huzungumza NVMe, ambayo hufika maelfu. Tundu la laptopu yako huenda linajua lugha moja tu. Soma kitabu cha mashine kabla hujanunua. Kwenye baadhi ya mazabodi za mezani, ukijaza tundu la M.2 tundu mojawapo la SATA huzimika lenyewe, na utaona diski ya zamani imetoweka siku ile ile uliyotia mpya. Nayo pia imeandikwa kitabuni. Na kwenye laptopu nyingi za Intel za kuanzia mwaka 2020 hivi, bayosi inaona diski vizuri lakini unapotaka kusimika Windows inakwambia hakuna diski yoyote. Hapo mara nyingi kuna kidhibiti cha Intel kiitwacho VMD kimesimama katikati, na dawa ni kumpa msimikaji programu yake kwa flashi.

Jambo jingine. Diski ya sahani hulia kabla ya kufa, na mlio ule ulimwokoa mzee wetu. SSD mara nyingi hufa kimya. Leo ipo, kesho bayosi haiioni kabisa. Tena haipendi kufungiwa kabatini miaka mingi bila umeme, kwa sababu chaji zile huvuja polepole. Kwa hiyo kuhamishia sauti za wazee kwenye SSD si mwisho wa kazi. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja isiwe nyumbani kwako. Za Bi Mkubwa ziko kwenye SSD yake, kwenye diski ya nje ya mjukuu, na seti ya tatu imekwenda Tanga kwa mpwa wake, kwa mkono wa msafiri, kama kaseti zilivyokuja.

La mwisho ni la lugha. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zikaitwa Jambo OpenOffice. Nakumbuka wengi tulicheka tukasema nani atatumia. Nimeufikiria upya mradi ule tangu Cardiff. Kijana aliyesoma shule zote Wales aliona maneno ya Kiingereza aliyoyazoea, na mkono ukawa unakwenda wenyewe. Alipolazimika kuyasema kwa Kiswahili kwa ajili ya bibi yake, ndipo swali lilipoonekana kuwa ni swali.

Basi mkikutana na kisanduku kile, msione haya kumtafsiria aliye karibu. Someni jina la diski, liwekeni sambamba na boksi. Na ikiwa ndani ya mashine mna kitu ambacho hakipatikani tena popote, kichomoeni kwanza mkiweke juu ya kabati, ndipo muanze kumkaribisha mgeni.

Nawatakia heri. Tukijaaliwa tutaonana kwenye kikao kijacho, na laptopu zenu njooni nazo.